Nikitafuta korosho ya Juni: Mtwara, Newala, Nachingwea, Lindi

Jumapili, Mtwara mjini

Nakaanga korosho na kuzifungasha kwenye pakiti ndogondogo, Tabata, Dar es Salaam. Nauzia maduka, vituo vya mafuta, na akina mama wanaozungusha maofisini. Shida yangu ni Juni. Kuanzia Novemba hadi Machi napata korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa, kadiri mfuko wangu unavyoruhusu. Ikifika Juni simu hazipokelewi, na anayepokea ananitajia bei ya kunifukuza. Na hii ni nchi iliyovuna zaidi ya tani 500,000 za korosho msimu wa 2024/25. Nikaona badala ya kugombana na watu kwenye simu, nije nione zinaishia wapi.

Nimefikia kwa mjomba wangu, mtaa wa Chikongola. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha korosho miaka ya themanini, idara ya mitambo, mpaka kilipofungwa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kushangaa?"

Nikamwambia vyote viwili. Akasema basi atanisindikiza, maana nikienda peke yangu nitaoneshwa mageti tu.

Jumatatu, barabara ya Lindi na bandarini

Tumeanza na kisichohusu korosho, kwa sababu Mjomba anashikilia kwamba huwezi kuelewa kiwanda kilichokufa kabla hujaangalia kilicho hai. Akanipeleka Msijute, kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote. Kilizinduliwa Oktoba 2015, na uwezo wake ni tani milioni tatu kwa mwaka. Hatukuwa na kibali cha kuingia, tulikaa upande wa pili wa barabara kwa mama ntilie, tukahesabu malori mpaka tukachoka.

Hata kwa kuangalia kwa nje kuna mambo unajifunza. Saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo huwezi kuchimba chokaa Mtwara ukaenda kuichoma Mumbai. Kiwanda lazima kikae juu ya jiwe lake. Jiwe liko hapa, makaa ya mawe yako Ngaka mkoani Ruvuma, na gesi iko hapohapo Mtwara. Kiwanda kilianza kuitumia 2018. Ndiyo maana mama ntilie yule ana wateja: madereva, wasaidizi wao, mafundi matairi, vijana wa kufunga maturubai. Nikamuuliza kama ana ndugu anayefanya kazi ndani. Akacheka. "Ndani hamna, ila hawa wote wanaokula hapa ni wa ndani." Halmashauri nayo inapata ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo, ambao haungekuwepo kama jiwe lingebaki kichakani.

Gesi ndiyo iliyonifanya nimwombe Mjomba apunguze sauti. Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Ilipotangazwa kwamba itasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, watu waliandamana Desemba 2012, na mwaka uliofuata, Januari na Mei, zikatokea ghasia zilizoondoka na roho za watu. "Gesi haitoki," ndivyo walivyokuwa wakisema. Ilitoka. Mtambo wa kusafisha upo Madimba, na bomba la kilomita 542 likazinduliwa Oktoba 2015, mwezi uleule wa saruji. Nikiwa Dar wakati ule niliona watu wa Mtwara wana choyo. Leo, nikiwa nimekaa kwenye benchi la mama ntilie, naona walichokuwa wanakidai kilikuwa na hesabu yake: gesi ikipita inaacha mrabaha na walinzi wa bomba, lakini ikichomwa hapa kutengeneza kitu, inaacha benchi kama hili.

Sisemi bomba lilikuwa kosa. Umeme wa mitambo ya gesi ya Kinyerezi, Dar es Salaam, umesukuma mashine za watu wengi, pamoja na kikaangio changu cha Tabata. Taifa lilipata. Suala la mkoa ulipata nini ni hesabu nyingine, na hizi mbili huwa tunazichanganya makusudi.

Mchana bandarini, kwa haraka. Gati jipya la mita 300 limeongezwa, makaa ya mawe ya Ruvuma yanapakiwa, na korosho, ambazo kuna misimu nyingi zilikwenda Dar kwa malori, tangu 2023 zimeelekezwa zipite hapa. Makontena yamepangana. Mjomba akayanyooshea kidole: "Juni yako imo humo, mwanangu. Inakwenda Vietnam."

Jumanne, kiwandani

Hii ndiyo siku niliyoijia. Kiwanda sikitaji, kwa kuwa meneja uzalishaji aliniomba hivyo. Ni kijana wa Masasi aliyesomea Sokoine, mpole, anaongea huku anaokota korosho zilizoanguka sakafuni. Anaziokota zote, hata moja.

Korosho ghafi ikiingia huanikwa, halafu hupitishwa kwenye chekeche la duara linalozichambua kwa ukubwa, kwa sababu kisu kilichopimwa kwa korosho kubwa kitaisaga ndogo. Kisha hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee, huachwa zipoe usiku kucha, na asubuhi huingia kubanguliwa. Mtambo unachoma maganda yaleyale kupata mvuke. Baada ya kubanguliwa, karanga huingia kwenye tanuri, ganda laini la kahawia likauke, halafu humenywa, huchaguliwa kwa madaraja, na kufungashwa bila hewa kwenye maboksi ya kilo 22.68. Namba hiyo ya ajabu ni ratili hamsini, soko la dunia halijataka kuibadili. Daraja linaloitwa 320 maana yake ni kwamba zinaingia karanga kama 320 kwenye ratili moja. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo korosho ilivyo nene na ndivyo bei inavyopanda.

Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa takriban kilo moja ya karanga. Nimeirudia hesabu hiyo kwenye daftari mara mbili kwa sababu inakera. Tunapopakia meli ya ghafi, robo tatu ya mzigo tunaoulipia nauli ya bahari ni maganda. Kwa mantiki ya jana ya saruji, korosho ilipaswa kubanguliwa mlangoni kwa mkulima. Lakini hata hayo maganda wanaoyapokea hawayatupi. Wanayakamua mafuta yanayoingia kwenye rangi na kwenye breki za magari.

Ukumbi wa kumenya ndio mkubwa kuliko yote. Wanawake wametawala, kofia za nywele na mabarakoa, visu vidogo, kimya cha watu wanaolipwa kwa kilo. Mashine ya kumenya ipo, lakini inaacha ukoko kwenye mikunjo, na karanga yenye ukoko inashuka daraja. Kwa hiyo mkono wa mwanamke bado unafanya kile ambacho mashine haijakiweza. Nilisimama nyuma ya dada mmoja mpaka akageuka: "Dada, unanipimia au unanihurumia?" Nikamwambia nataka kujifunza. Akanisogezea kisu. Aliyekuwa pembeni yake akanishauri nisiache kazi yangu ya Tabata.

Dada wa kisu anasomesha watoto kwa kazi hii, akasema, ila haifiki mwaka. Hapo ndipo nikatega masikio. Wanaanza Novemba, na mwaka ukiwa mzuri wanafika Julai. Mwaka mbaya, Aprili wanaambiwa warudi nyumbani wasubiri simu.

Nikampelekea meneja swali hilo. Alinijibu kwa kunipeleka ghalani. Magunia yalifika nusu ya ukuta.

"Hizi ndizo siku zangu za kazi," akasema. "Ukitaka kujua kiwanda kitafanya kazi mpaka lini, usiangalie mashine, pima ghala."

Korosho zetu huvunwa na kupigwa mnada kati ya Oktoba na Januari. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue chakula cha miezi kumi na mbili ndani ya mitatu. Tufanye kiwanda cha tani 5,000, na bei ya shilingi 3,500 kwa kilo: inatakiwa shilingi bilioni 17.5 taslimu kabla ya Krismasi. Riba ya mikopo ya benki zetu huzunguka asilimia 15. Hata deni likipungua mwezi kwa mwezi kadiri boksi zinavyouzwa, riba ya mwaka inapita bilioni moja, na hapo hujalipa mshahara wala umeme.

Anayeshindana na meneja mnadani ananunua kwa ajili ya viwanda vya India au Vietnam, na huyo hana Juni yangu. Kodivaa, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, huvuna kuanzia Februari. India na Vietnam wenyewe wanavuna miezi hiyohiyo. Sisi na Msumbiji tunavuna wakati wao hawana kitu. Kiwanda cha huko kinakula ya kwao, kinakula ya Afrika Magharibi, halafu kinakuja kula ya kwetu, kila mara kwa ghala la miezi michache, kwa mkopo wa riba ndogo kuliko yetu. Na kwa kuwa tunauza wakati wa njaa yao, wako tayari kupandisha bei. Kinachompa mkulima wa Newala bei nzuri ndicho hichohicho kinachomnyima dada wa kisu kazi ya Juni. Sijawahi kusikia jambo hili likisemwa hivi kwenye hotuba, ambako kila mwaka lawama huangukia mashine.

Kuna na vipande. Kila kiwanda hutoa karanga zilizovunjika, hakuna namna. India vipande hivyo huishia kwenye vitamu vyao vya sherehe, nchi nzima inavila. Hapa meneja anavibembeleza visafiri. Nikamwuliza anauza bei gani, nikanunua mifuko yote aliyokuwa nayo. Vipande vyenye pilipili vinatoka vizuri kuliko nzima.

Jumatano, Nanyamba, Tandahimba, Newala

Njia ya Newala ni lami mpaka Mnivata, baada ya hapo ni vumbi, mitambo ya ujenzi, na matumaini. Barabara yote kutoka Mtwara hadi Masasi kwa njia hii ni kilomita 210. Gari letu la Noah lilibeba watu ambao sitaki kuwahesabu.

Pembeni ya Nanyamba, Maranje, ndiko Bodi ya Korosho ilikoamua kuweka kongani ya viwanda vya kubangua. Wazo lake ni kwamba viwanda vikikaa pamoja vitatumia kwa pamoja maji, umeme, maghala, na fundi mmoja mwenye vipuri. Mjomba alikodoa macho dirishani. Enzi zao, anasema, kikiharibika kisu kimoja walisubiri barua iende Ulaya na irudi.

Kote njiani mikorosho, na chini ya mikorosho watoto, bibi, na mbuzi. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yameoza yananuka utamu. Kila uani kuna korosho zimeanikwa. Karibu na Tandahimba kijana mmoja alikuja dirishani kuuliza kwa sauti ya chini kama tunanunua, kwa bei ambayo ilionesha mwenyewe ana shida leo, si kesho. Hiyo ndiyo kangomba, biashara ya kununua kwa mlango wa nyuma nje ya ushirika. Ni kosa kisheria, na inaishi kwa sababu mnada hulipa baadaye na mtoto huugua leo. Mjomba alimfukuza kwa Kimakonde, lugha ambayo naielewa ikiwa ni ya matusi tu.

Alhamisi, Newala

Baridi! Hakuna aliyeniambia kwamba Newala kuna baridi ya asubuhi. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ukichungulia bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo.

Tumetembelea kikundi cha akina mama kinachobangua nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wao. Chungu cha kuchemshia, mashine za kubangulia za kukanyaga kwa mguu, tanuri dogo la umeme, meza ya kumenyea. Mashine na mafunzo walipatia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973. Wanajipaka majivu mikononi kujikinga na mafuta ya ganda, lakini vidole vyao vimeshabadilika rangi.

Je, hiki ni kiwanda? Kwa sensa ya viwanda ya 2013, ndiyo. Ilihesabu viwanda 49,243 nchini, na zaidi ya asilimia 80 vilikuwa na wafanyakazi wasiozidi wanne. Tunaposikia kwamba uzalishaji viwandani unachangia asilimia saba au nane ya pato la taifa, tunawaza mabomba ya moshi ya kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Kwa hesabu ya vichwa, kiwanda cha Tanzania ni fundi seremala, mashine ya kusaga, na huyu Mama Mwenyekiti.

"Mama, Juni mnakuwa na mzigo?"

"Juni? Tunatoa wapi? Machi tukijitahidi sana."

"Mkipewa hela ya kununulia sasa hivi, mnaweza kutunza ghafi mpaka Juni?"

Akaniangalia kwanza, kisha akamwangalia Mjomba, kana kwamba anataka kujua mimi ni mtoto wa nani hasa. "Ghafi ikikauka vizuri inakaa," akasema. "Hela ndiyo haikai. Wote mnakuja hapa Juni mnataka, Novemba hatuwaoni." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa natajwa mimi.

Wananunua ghafi kwa kibali, kupitia chama chao cha msingi, kwa fedha za mzunguko wa kikundi. Mzunguko ukiisha, mashine zinafunikwa khanga. Hesabu yao ni ile ya meneja wa juzi ikiwa imeondolewa sufuri nyingi. Ubaya ni kwamba benki inaweza kumsikiliza meneja; Mama Mwenyekiti anasikilizwa na VICOBA tu.

Tulikula ugali na samaki wa kukaushwa. Mjomba alipotelea kwa majirani akarudi akinukia uraka, pombe ya mabibo.

Ijumaa, mnadani

Mnada umefanyika uwanja wa shule, kijiji ambacho si mbali na mji. Zamani wanunuzi walitumbukiza bei zao sandukuni, sasa zinaingia kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na zinaonekana kwenye skrini. Wakulima wamekaa chini ya miembe. Bei ikisomwa, wao ndio wanaosema ndiyo au hapana. Nimehudhuria mikutano mingi Dar ambako wenye mali hawaulizwi kitu, kwa hiyo nilifurahi hata kabla ya kusikia bei.

Wakakubali. Kisha yakaja makato: ushuru wa halmashauri asilimia tatu, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri. Ushuru huo si mdogo ukiuangalia kwa upande wa wilaya. Newala na Tandahimba zinajenga madarasa kwa korosho. Ghafi pia hulipa ushuru wa kuuzwa nje, asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, ule ulio mkubwa. Karanga iliyobanguliwa hailipi. Lengo ni kumpendelea mbanguaji wa ndani.

Mjomba akaona hapo ndipo pa kuhutubia. Alisimama akasema ghafi ipigwe marufuku kabisa, isitoke hata punje, viwanda vitajifungua vyenyewe. Kimya. Mzee mmoja wa makamo yake, kanzu nyeupe, akamjibu akiwa amekaa: "Ndugu yangu, mwaka 2018 tulijaribu. Uliona?"

Sote tuliona. Oktoba ile wanunuzi walikuja na bei ambayo wakulima waliikataa. Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likaja na malori kuzibeba. Ilisemwa zitabanguliwa humuhumu. Viwanda havikuwa na uwezo huo, magunia yakalala maghalani, na mwaka uliofuata nyingi ziliuzwa ghafi kwa walewale wa nje. Wapo wakulima waliosubiri malipo yao hadi wakauza mbuzi.

Ng'ambo ya mto wamejaribu kwa njia nyingine. Msumbiji ilikuwa na viwanda vingi vya korosho. Miaka ya tisini, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ililegeza kodi ya kuuza ghafi, na viwanda vyake vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi vijijini. Mwaka 1999 ikaweka sheria ya kodi ya asilimia 18 hadi 22, na ubanguaji ukafufuka, ukitegemea viwanda vidogo vya mikoani. Mjomba aliusimulia mfano huo kwa shangwe. Hakusimulia upande wa pili, kwamba kodi ya namna hiyo mkulima anailipa bila kuiona, kwa kuwa mnunuzi anaipunguza kwenye bei anayomtajia.

Mimi niko upande wa mzee wa kanzu, ila si mpaka mwisho. Marufuku inamchukulia mkulima wa Newala hela mfukoni na kumpa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda akiwa hana mtaji wa ghala, hela hiyo itapotelea hapohapo katikati. Ningekuwa na sauti, kabla ya kugusa kodi ningeanza na fedha ya Novemba: mkopo wa msimu wenye riba ya kubebeka, dhamana yake iwe magunia yenyewe. Tangu 2007 tuna stakabadhi ghalani. Ile karatasi inayothibitisha gunia la mkulima liko ghalani kwa nini isimkopeshe na mbanguaji? Nilimwambia Mjomba hivyo tukirudi. Akasema naongea kama mtu wa benki. Kwake hilo ni tusi.

Jumamosi, Masasi na Ndanda

Tumeteremka uwandani hadi Masasi, mji wa majabali, joto limerudi. Ndanda tulisimama kula. Watawa wa Benediktini wako hapo tangu 1906, na mbali na hospitali inayojulikana Kusini nzima wana karakana na kiwanda cha uchapaji. Vitabu vimechapwa katikati ya milima hii kwa miongo mingi. Mjomba alijifunzia ufundi kwa mtu aliyefunzwa hapo, na akataka niandike hilo. Nimeandika.

Jumapili, Nachingwea

Ukitaka kuona mradi mkubwa uliokuja bila kuuliza udongo, njoo Nachingwea. Waingereza walianza hapa na kwingineko mradi wa karanga mwaka 1947, karanga zenyewe, si za korosho, za kukamulia mafuta ya kula Uingereza baada ya vita. Matrekta yalivunjika, mvua ilikataa, na Januari 1951 wakakubali yaishe, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Bandari ya Mtwara ni urithi wa mradi huo. Reli pia ilikuwepo. Iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, na mpaka leo mkoa wowote wa Kusini ukizungumzia kiwanda, sentensi ya pili ni barabara.

Halafu tukarudia kosa linalofanana kwa lugha yetu wenyewe. Miaka ya sabini, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Italia na Japani, tulijenga viwanda vikubwa vya korosho mpaka vikafika 12: Mtwara, Lindi, Newala, Masasi, Mtama, hapa Nachingwea, na kwingine. Uwezo wake kwa pamoja ulipita tani 100,000. Ilikuwa hesabu sahihi siku ilipopigwa, kwa sababu msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000. Lakini watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaiacha mikorosho yao mbali porini. Bei ya mkulima ilikuwa ya kukatisha tamaa. Ukaingia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna kama tani 16,000. Mitambo ya Kiitaliano ikabaki inang'aa bila kazi.

Majengo yapo. Tulizunguka kwa nje. Ni maghala sasa, malori ya ghafi yanaingia na kutoka kwenye lango lilelile ambalo lilijengwa ili ghafi ikiingia isitoke. Mjomba hakuhutubia. Alimwuliza mlinzi kama tanuri bado lipo, mlinzi akamwambia liliuzwa chuma chakavu zamani. Akasema, "Lilikuwa baya hata hivyo, lilikuwa linavunja korosho." Nikamwamini.

Siku hizi mavuno yamerudi na kupita kabisa yale ya 1973, kazi ya salfa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ya mbegu za kituo cha utafiti cha Naliendele, na ya bei. Korosho sasa ziko nyingi kupita viwanda, kinyume cha 1986. Kila tulipopata kimoja tulikosa kingine, na sioni ajabu yoyote ya kisiri ndani yake: mara zote mbili aliyepanga kiwanda hakukaa meza moja na aliyepanga mnada.

Jumatatu, Lindi

Mji mdogo, bahari imetulia, samaki wa kukaanga wa bei ya kueleweka. Mjomba amekwenda Mitwero kwa shemeji yake.

Mashamba ya chumvi yanameta kando ya ghuba. Chumvi inakusanywa kwa mikono na inauzwa hivyohivyo. Ufuta ndio zao lingine la fahari hapa, unavunwa katikati ya mwaka, na mwingi unapanda meli ukiwa punje, wakati nchi hii hununua nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Upande wa kaskazini mwa mji ni Likong'o, eneo lililotengwa kwa mtambo wa kugeuza gesi ya bahari kuu kuwa kimiminika. Wenye maeneo walilipwa fidia, vijana wa bodaboda wanaujua mradi huo kwa herufi zake, LNG, na mwenye nyumba ya wageni niliyolala ameongeza vyumba kwa ajili yake. Nilimwuliza kama hawi na haraka. Akasema kwa sasa vyumba vinapangishwa na watu wa ufuta, msimu wao ukifika.

Jioni nilimpigia Mama Mwenyekiti wa Newala. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya akiba yangu, ile niliyoweka kwa ajili ya kikaangio cha pili. Tukakubaliana: natuma fedha ya ghafi sasa, kupitia akaunti ya kikundi na si simu ya mtu, wao wanaomba kibali cha nyongeza na kuitunza ghalani kwa chama. Kuanzia Mei wananibangulia kila wiki kadiri tulivyoandikiana. Gharama ya kubangua tutaipanga Mei, kwa bei ya siku hiyo. Alitaka niongeze kifungu kimoja, kwamba vipande pia nivichukue, vyote, si kuchagua nzima tu.

Nikakubali. Akaniambia nimpe Mjomba simu, ana neno naye kuhusu uraka wa Alhamisi ambao haukulipiwa.